Hina ya Mkono wa Kushoto

Binti yetu tulimchukua kisiwani Ngazija, kwa ndugu za mume wangu, baada ya mama yake kufariki. Mdogo wake alibaki kule na bibi yao. Tukaambiwa akipona surua ataletwa Bagamoyo. Kila chombo kilipotia nanga mume wangu alikwenda forodhani, akarudi peke yake. Majirani wakaniambia nisubiri. Nisubiri! Kwani nilikuwa nafanya nini?

Alasiri ya kuamkia Idi nilimpaka hina mkono wa kulia. Nilipoushika wa kushoto, akakunja ngumi.

"Huu atanipaka mdogo wangu, mama. Huwa tunapakana. Yeye anachafua, lakini ni wake."

Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamwambia wenzake watamcheka. Ngumi haikufunguka. Kesho yake alizunguka mitaani kuomba sikukuu, mkono mweupe ameuficha ndani ya kanga.

Ramadhani nyingine ikaisha, na mdogo mtu hajaja. Nilikoroga hina huku nikitafuta maneno ya kumbembeleza. Binti yangu akaketi mbele yangu, akaninyooshea mikono yote miwili bila kuambiwa.

Nikashindwa kuugusa ule wa kushoto.