Memori Niliyoidai Mwenyewe

Mimi ndiye niliyepiga kelele. Mwaka mzima nilimwimbia daktari wimbo mmoja: seva hii imezeeka, inunulie memori, wagonjwa wanakaa foleni hadi wanachoka kukohoa. Zahanati yetu ilikuwa Kariobangi, juu ya mafundi wa kuchomelea vyuma, nami nilikuwa mapokezi. Kila foleni ilipokwama nilisema, "Subirini jamani, sistimu imelala." Watu wakailaani mashine, mimi nikapumua.

Kumbe ilikuwa ikinisitiri. Mtoto wa jicho alikuwa ameshanianza, na herufi za kibodi nilizitafuta kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Seva ikijikokota, nami najikokota pembeni yake, nani ajue? Hata mimi nilisadiki kosa ni lake.

Basi daktari akakubali. Akaja fundi, msichana wa Njiru, akaifungua seva, akapuliza vumbi na mavi ya mende, akahamisha kila kitu kwenye diski mpya, akaongeza vijiti viwili vya memori. "Sasa itakimbia, mathe," akaniambia. Nilimpenda papo hapo, mjinga mimi.

Jumatatu asubuhi fundi alirudi kuikagua kazi yake, na daktari akasimama nyuma ya kiti changu. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto mwenye homa, kabebwa na mamake. Nikabonyeza, ukurasa ukafunguka kabla sijavuta pumzi. Kisha ukakaa. Ukaningoja. Nikaitafuta M, nikagonga N, nikafuta, nikagonga N tena. Mtoto akalia, foleni ikaguna.

"Si mlisema mmetengeneza?" mamake akauliza.

"Mashine tumetengeneza," daktari akajibu, tena kwa sauti. "Hiyo tumeiongezea memori. Huyu naye tumwongezee nini?"

Loo, walivyocheka! Hao hao niliokuwa nikiwapitisha mbele walipozidiwa. Nilitamani sakafu ipasuke nidondokee kwa wale wachomeleaji. Niliona aibu, na hasira ikanipanda, nikatafuta tusi la kumtosha yule mwanamume. Mdomo ukatoa lile ulilolizoea miaka yote:

"Subirini jamani, sistimu imelala."

Hakuna aliyeitazama mashine. Wote walinitazama mimi.

Daktari akamuuliza fundi kama anajua kupiga taipu. Akasema anajua, macho kayaelekeza chini.

"Mama," daktari akaniambia, "mpishe akae."