Siku Niliyompima Mkwe Presha

Ni mimi. Nimeikana habari hii kwa muda mrefu, nikaikana sokoni, nikaikana kwenye jumuiya, na bwenini Mbeya nikafikia hatua ya kuisimulia mwenyewe kama mkasa wa mama mmoja wa huko kwetu, tena nikacheka kuliko wasikilizaji wote. Sasa nimechoka. Yule mama wa mtaa wa Chanji, Sumbawanga, aliyempeleka mkwe wake hospitali siku ya posa, kwenye godoro, nyuma ya gari la mahindi, na mkwe mwenyewe mzima kama mimi na wewe, ni mimi.

Nianze na masomo, maana balaa lote lilitoka huko. Nilikuwa na shahada moja ya ualimu, ya siku nyingi, niliyoizoea kama mtu anavyozoea kitenge kikuukuu, na nilipofika umri ambao wenzangu wanaulizia wajukuu, mimi nikaomba ruhusa kazini nikaenda Mbeya kuanza shahada ya sayansi ya afya. (Darasani wananiita Mama, na mhadhiri mmoja kijana aliwahi kuniamkia kabla ya kunirudishia karatasi yenye alama ambazo sitazitaja hapa.) Nilikuwa na raha ambayo siwezi kuieleza. Mtu mzima akijifunza kazi ya figo, anataka kila anayekutana naye ajue kwamba ana figo. Mwaka wa pili wakatufundisha kupima presha, nikanunua mashine yangu mwenyewe, ile ya betri inayojijaza upepo na kusoma namba yenyewe, na likizo ya mwezi wa saba nikaja nayo Sumbawanga. Nikampima mume wangu akiwa anakula, nikampima katekista, nikampima mama muuza karanga mpaka akaanza kupita njia ya nyuma.

"Mke wangu," akasema Baba Ima, "ungesomea ufundi wa magari, saa hizi tungekuwa tunalala wote juu ya jeki."

Ima ni binti yetu, Imakulata, na likizo ile ilikuwa ya kwake kuliko ya kwangu, kwa sababu Jumamosi moja wazazi wa Festo walikuwa wanakuja kutoka Matai kuleta posa. Ima alikuwa amemngoja Festo, Festo alikuwa amemngoja baba yake akubali, na baba yake, mzee Kasiani, ni mtu anayesifika kwa kutorudia jambo. Likiharibika mikononi mwake, limeharibika. Asubuhi ile Ima akanifuata jikoni.

"Mama, leo hiyo mashine ibaki chumbani."

"Kwani mimi mtoto?"

"Niahidi."

Nikaahidi, na ikabaki chumbani, kwa muda.

Wageni walifika mchana, na ule upepo wetu wa mwezi wa saba unaokata masikio. Mzee Kasiani alikuwa na shati, juu ya shati sweta, juu ya sweta koti zito la kijivu lililomfika magotini, na akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa bila kuliondoa. Tukasalimiana kwa kuinama, mkwe na mkwe, kila mmoja akitazama sakafu ya mwenzake. Kisha mshenga wao, mzee Desderi, akasimama kusema kilichowaleta. Desderi ni mtu ambaye akiombwa kufunga kikao kwa sala fupi, wenye uzoefu hurudi kuketi. Alianza na mababu wa pande zote mbili, akashuka taratibu kwenye kilimo, akafika kwenye mvua za mwaka juzi, na posa yenyewe ilikuwa bado iko mbali sana.

Mimi nilikuwa upande wa akina mama, macho chini kama inavyompasa mama wa binti, ila macho ya mwanafunzi wa afya hayainami yote. Nikamwona mzee Kasiani. Jasho kwenye paji la uso, katika baridi ile. Midomo ameikaza. Mguu wa kulia juu ya wa kushoto, baadaye wa kushoto juu ya wa kulia, baadaye amebana yote miwili, na anapumua juu juu. Mtu wa pembeni akamwinamia kumuuliza kama yuko salama, akaitikia kwa kichwa bila kufungua mdomo. Nikaogopa: hiki ni kiharusi kinakuja. Sitawadanganya kwamba ilikuwa hofu tupu, kulikuwa na furaha ndani yake, na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa: mambo yote niliyoyasoma kwa tochi ya simu bwenini yalikuwa yamekuja kuketi sebuleni kwangu.

Nikaaga kwamba nakwenda kuchungulia vyungu. Nikarudi na mashine ndani ya kitenge.

"Samahani mzee Desderi," nikasema, "naomba tusimame kidogo. Mkwe, nipe mkono."

Ima, aliyekuwa nyuma ya pazia, alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa. Mzee Kasiani ni mtu wa adabu, nadhani alidhani ni desturi ya ukoo wetu, akanyoosha mkono. Hapo palikuwa na neno moja tu la kusema, vua koti, na mimi neno hilo sikulisema. Ni mwanamke gani wa Ufipa atakayemwambia mkwe wake avue nguo, mbele ya watu, siku ya kwanza anakanyaga nyumbani? Nikazungusha kile kitambaa juu ya koti. Hakikutosha kufunga, nikakishikilia kwa mikono miwili. Mashine ikanguruma, ikajaa, ikafikiri, ikajaa tena, ikatoa namba ambayo nilikuwa nimeiona kitabuni tu, kwenye ukurasa wa watu wanaokimbizwa wodini. Nikapima mara ya pili. Ikapanda.

"Mkwe asisogee," nikasema.

"Mama, mimi nina..."

"Usiseme, mkwe. Ukisema inapanda."

"Ni jambo dogo tu, kama kuna mtu wa kunionyesha..."

"Jambo dogo ndilo linaloua, mkwe."

Nikaamuru alazwe kwenye kochi. Nikaagiza maji ya uvuguvugu, nikamnywesha glasi nzima, na alipofumba macho kwa uchungu nikamwongeza nyingine. Mke wake akaanza kulia. Akina mama wa jumuiya, waliokuwa uani wakingoja kupiga vigelegele, waliposikia kilio wakapiga magoti wakaanza rozari. Desderi alikuwa bado amesimama, kidole juu, kwenye mvua za mwaka juzi.

Jirani yetu ana pikapu ya kubebea mahindi. Godoro la chumba cha wageni likatupwa nyuma, mzee akawekwa juu ya godoro, blanketi juu ya mzee, mimi nikakaa kando yake na mkewe upande wa pili, na wanaume waliombeba walimbeba kwa heshima kubwa kiasi kwamba njiani watu walivua kofia na mama mmoja akauliza mazishi ni lini. Barabara ya kutoka kwetu mnaijua. Kila shimo, mzee alitoa mlio ambao sitausahau.

"Vumilia, mkwe," nikamwambia.

"Mama," akasema, meno yamekutana, "hicho ndicho ninachofanya tangu Matai."

Nikadhani anaweweseka.

Hospitali alitupokea nesi mmoja, binti mdogo kuliko Ima, na kiti cha magurudumu. Akamwinamia mgonjwa. "Baba, pole. Unasumbuliwa na nini?"

"Binti yangu," mzee Kasiani akasema, "choo kiko wapi?"

Akaonyeshwa. Kiti alikikataa. Sijawahi kuona mtu wa kiharusi akitembea kwa kasi ile, blanketi langu linapepea nyuma yake, na alikaa huko muda wa kutosha kwa mkewe kuacha kulia na kuanza kunitazama. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, uso umekunjuka, anasalimia hadi wagonjwa wa kwenye benchi. Kumbe kabla ya kutoka Matai walipitia kwa dada yake, wakanyweshwa chai chupa kwa chupa kwa sababu ya baridi, na alipofika kwangu akashindwa kusema: mtu gani anaingia kwa wakwe mara ya kwanza, posa haijatamkwa, neno lake la kwanza liwe kuulizia choo? Akaamua kungoja Desderi amalize. (Na Desderi ni mshenga aliyemchagua mwenyewe.)

"Vua koti, baba," nesi akasema. "Na sweta. Miguu chini. Tusiongee kidogo." Akapima. Akatabasamu. "Hii presha hata mimi ningeitaka. Nani alimpima huko nyumbani?"

Wote wakanitazama.

"Juu ya koti, mama?"

"Kulikuwa na baridi," nikasema.

"Mama unasoma?"

"Mwaka wa pili."

"Wa cheti?"

"Wa shahada."

Akakohoa, akainamia meza yake kwa muda mrefu.

Na kinachoniuma ni kwamba swali lile lilikuwa kwenye mtihani wetu: eleza mambo ya kuhakikisha kabla ya kumpima mtu presha. Mkono usiwe na nguo nzito, mtu awe ameshajisaidia, asikunje miguu, asiongee. Niliandika yote, kwa mwandiko mzuri, nikapata alama zote.

Wageni hawakurudi nyumbani. Gari lao lilitufuata hospitali, wakapanda, wakashika barabara ya Matai bila kula na bila neno la posa. Kwetu, jumuiya walimaliza rozari, wakautazama ugali wa ulezi na mbuzi na samaki wa migebuka vinavyopoa, wakaafikiana kwamba kutupa chakula ni dhambi. Ima hakula. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa bado gauni lake la siku ile.

"Uliniahidi, mama," akasema, akanigeuzia mgongo.

Siku zikapita. Festo akipiga simu anasema baba hajatamka kitu. Mashangazi huko Matai walikuwa wanasema posa ikikatika katikati ni ishara, iachwe. Ima akaacha hata kuniuliza kama nimesikia lolote, akawa anapita sebuleni kama mpangaji. Mimi nikala kiapo, ambacho nakishika mpaka leo: sitampima mtu ambaye naona haya kumwambia avue koti, wala mtu anayeona haya kuniuliza choo. Kimeniondolea karibu ukoo mzima, lakini nakishika.

Jioni moja tunapukuchua mahindi uani, mimi, Baba Ima na Ima mwenyewe, simu yangu ikaita, namba ngeni. Mikono ilikuwa na vumbi, nikaweka spika.

"Mama Ima," sauti ikasema, na sote tukaacha kupukuchua.

"Shikamoo, mkwe."

"Marahaba. Masomo yanaendeleaje?"

Baba Ima akainamia gunzi lake, mabega yanatikisika.

"Yanaendelea, mkwe."

"Tumekaa kama ukoo. Wapo waliosema mengi. Mimi nikawaambia, nimeketi kwenye sebule nyingi za watu, nimeteseka kwa haya kwenye nyingi, na hakuna aliyewahi kunitazama usoni akaona nina shida. Huyu mama aliona. Aliikosea shida yenyewe, lakini aliiona. Tunakuja Jumamosi. Desderi nimempumzisha. Nitasema mwenyewe, na nitasema kwa kifupi, kwamba tunamtaka binti."

Ima alikuwa amenishika bega, kwa nguvu, na vumbi lake lote.

"Karibuni sana, mkwe," nikasema.

"Ahsante. Ila mama."

"Abee."

"Tukishuka tu kwenye gari," akasema, pole pole, kama mtu anayeweka sharti la ukoo, "kabla ya karibu, na kabla ya salamu, mtuonyeshe choo."