Chumba cha Bibi Sabina

Kosa langu la mwanzo katika ujenzi lilikuwa kuamini uzio wa minyaa. Ujenzi nilijifunza mwenyewe, ndiyo maana naogopa sana dosari. Tofali likipinda kidogo, nalitoa. Pale mtaa wa Shanwe, Baba Joze alinipa kazi ya nyumba ya kuhamishia familia yake. Nikapima kona na kurudia hadi mafundi wenzangu wakanicheka. Mpaka wa kiwanja niliufuata kwenye minyaa, kama wengi wetu huku, nikainua ukuta kando yake.

Kuta zilipofika kwenye renta, juu ya madirisha, akaja mkaguzi wa manispaa. Nikamtembeza kwa majigambo, Baba Joze akitufuata nyuma.

"Tafuta hata kosa moja, mheshimiwa."

Jirani wa kiwanja hicho, Bibi Sabina, aliyekuwa amerudi jana yake kutoka shamba la mpunga Mwamkulu, akachungulia juu ya minyaa.

"Kosa liko wapi, mjukuu wangu? Chumba kizuri. Asante kwa kunijengea."

"Nikujengee wewe, bibi?"

"Minyaa hii niliiotesha mimi kuzuia mbuzi, ndani ya kiwanja changu. Bikoni iko huko mlikosimama."

Mkaguzi akaomba jembe, akafukua kifusi cha chumba. Bikoni, ile nguzo fupi ya zege ya kuonyesha mpaka, ikatokea, na ukuta wangu ulionyooka ulikuwa umeshaivuka. Baba Joze alikaa juu ya matofali, akashika kichwa.

Ukuta ule niliubomoa na kuujenga upya kwa gharama yangu. Siku hizi sichimbi msingi kabla mpima ardhi hajanionyesha bikoni zote, majirani wakishuhudia.