Paa la Mwenye Nyumba, Jua la Mpangaji

Juzi nilikuwa kwenye duka la sola pale Kisugu, na mimi nikiwa kwenye foleni hakuna neno linalonipita. Mbele yangu alisimama mama mmoja Mkongomani, mshonaji. Alitaka ile paneli ambayo serikali inakulipia sehemu ya bei, maana umeme ukikatika cherehani yake nayo inalala.

"Nyumba ni yako, mama?" karani akauliza.

"Nimepanga."

"Basi haiwezekani, mpaka mwenye nyumba akubali."

Mama akampigia palepale, akaweka spika, akainua simu juu ili sote tuwe mashahidi.

"Papa, naomba nifunge sola juu ya paa lako."

"Sawa, nyabo, mama yangu, lakini ukihama unaniachia."

"Nikihama nakuachia matundu ya misumari tu."

Foleni ikaangua kicheko. Mwenye nyumba akabadilisha ombi.

"Basi nivutie waya mpaka sebuleni kwangu."

"Balbu moja nakupa, Papa. Televisheni, hapana."

"Na choo?"

"Haya, mbili. Nimefika mwisho."

"Mwambie karani nakuja kutia sahihi."

Karani alikuwa ameshaanza kujaza fomu, huku akijifuta machozi ya kicheko.

Mimi, ambaye Kawempe nzima hakuna mwenye nyumba anayenizidi ujanja, nilitoka dukani bila kununua kitu. Nilikwenda moja kwa moja kwa wapangaji wangu, nikawatangazia kwa ukarimu mkubwa kwamba yeyote anayetaka kufunga sola, paa langu namwachia bure; mimi nitaomba balbu mbili tu.