Ahadi ya Kunyamaza Ukumbini

Mimi ni mtu wa kelele, na nalisema mapema ili tusije tukalaumiana. Nilizaliwa Bukavu, katika nyumba ambamo mtu akitaka chumvi aliiomba akiwa chumba kingine, na miaka yote niliyokaa Brussels haijanipunguzia sauti hata kidogo. Majirani wa jengo letu hapa Evere wanajua ninachopika kwa sababu wananisikia nikikipika.

Kwa hiyo binti yangu, akiwa darasa la tano, aliponiletea karatasi kutoka shule kwamba kabla ya likizo ya Krismasi watoto wataonyesha mchezo wa kuigiza na wazazi wote wanakaribishwa, nilifurahi kuliko yeye. Alikuwa amepewa nafasi ya mti. Ulikuwa mti wa Krismasi uliopinda, ambao umesimama sokoni mpaka siku ya mwisho na hakuna anayetaka kuununua. Mti huo ulikuwa na sentensi tatu. Nilizishika zote tatu kabla yake, nikawa namkaririsha jikoni huku nakoroga bugali.

Nilipokuwa na umri wake, Krismasi kwetu ilikuwa mchezo wa parokiani. Zawadi hazikuwapo, theluji tuliiona kwenye kadi tu, lakini mchezo haukukosa. Na watu hawakuja kutazama wakiwa wamefunga mikono. Mtu akicheza vizuri, mama yake, shangazi yake, jirani, yeyote aliyeguswa, alipanda jukwaani palepale mchezo ukiendelea, akamtandikia kitenge akanyage, akampepea, akampangusa jasho usoni. Mchezaji alisimama, akapokea heshima yake, kisha akaendelea pale alipoishia, na wenzake wakamngoja bila kununa. Kama jioni nzima hakupanda mtu, basi mlijua mmeboronga, na mlirudi nyumbani mkiwa hamtazamani.

Mimi nilicheza mke wa mwenye nyumba ya wageni, yule anayewafukuza Maria na Yosefu. Niliwafukuza kwa moyo wangu wote, mpaka Maria akaanza kulia machozi ya kweli. Mama yangu alitoka nyuma kabisa ya ukumbi, vigelegele vikimtangulia, akanitandikia kitenge chake kipya, akanipangusa uso ambao wala haukuwa na jasho, kisha akawageukia watu. "Muone mutoto wangu," akasema, "muone vile anafukuza batu!" Ukumbi mzima ulicheka na kupiga makofi. Nilisimama juu ya kile kitenge nikiwa na miaka kumi, na sijawahi tena kuwa mrefu vile.

Mama alifariki nikiwa tayari huku, na sikuweza kwenda kumzika. Alinifanyia mengi, lakini nikiwa peke yangu kwenye basi alfajiri naelekea kazini, ni jioni ile inayonijia. Nilitaka binti yangu naye awe na jioni ya namna hiyo.

Basi, siku ilipofika nilivaa vizuri, nikafunga kitenge cha pili juu ya cha kwanza, nikakaa katikati ya wazazi wenzangu kwenye ukumbi wa mazoezi ya viungo. Walikuwa wamevua makoti na kuyaweka mapajani, simu zao zimeinuliwa, kimya. Mti wangu ukaingia. Binti yangu alikuwa amepakwa rangi ya kijani usoni na kuvishwa matawi ya karatasi mikononi. Aliposema sentensi ya pili, ile ya kwamba hata mti uliopinda unaweza kubeba taa, sauti yake haikutetemeka kabisa, na mimi nikaacha kuwa na akili. Nilipiga vigelegele. Nilipita mbele ya magoti ya watu, nikapanda jukwaani, nikafungua kitenge cha juu, nikamtandikia miguuni, nikatoa kitambaa na kumpangusa.

Rangi ya kijani ikatoka yote upande mmoja.

Mtoto aliyekuwa mnunuzi alisahau maneno yake, akabaki amenyoosha mkono hewani. Watoto wakaanza kucheka, halafu na baadhi ya wakubwa. Mwalimu alikuja, mwanamke mpole, akanishika kiwiko na kuniambia kwa sauti ya chini, "Madame, s'il vous plaît," kama mimi ninavyowaambia wazee wa kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi wanapotaka kutoka nje bila viatu. Nikarudi kukaa. Kitenge kilibaki pale. Sentensi ya tatu binti yangu aliisema akiangalia sakafu, na hakuna aliyeisikia ila mimi niliyeijua.

Njiani kurudi nilimweleza habari za Bukavu, za bibi yake, za mke wa mwenye nyumba ya wageni. Nilieleza vizuri, nadhani. Aliangalia dirisha la basi mpaka tukashuka. Mlangoni kwetu ndipo aliposema, "Maman, huku haiko Bukavu." Nilikasirika, siwezi kudanganya. Niliwakasirikia wazazi wenye simu, nikamkasirikia mwalimu mpole, nikaikasirikia rangi. Kulipokucha hasira ilikuwa imeisha na iliyobaki ni aibu, na aibu haikuwa yangu, ilikuwa yake, mimi ndiye niliyempa.

Mwaka uliofuata alikuwa darasa la sita, mwaka wake wa mwisho katika shule ile. Karatasi sikuiona. Niliambiwa habari na mama mmoja kutoka Lubumbashi, ambaye mwanawe alisoma na binti yangu, tulipokutana Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, nikinunua sombe, majani ya muhogo. "Donc wako njo mukubwa wa gare!" akaniambia kwa furaha. Nikacheka naye kana kwamba najua. Nilipofika nyumbani nilimuuliza binti yangu, na akakiri. Mchezo ulihusu treni iliyokwama kwenye theluji mkesha wa Krismasi, na yeye alikuwa mkuu wa stesheni, mwenye kofia na filimbi na hotuba ndefu ya kuwatuliza abiria. Karatasi ilikuwa ndani ya mfuko wake, imekunjwa mara nne.

Sikumgombeza. Nilimwomba. Mimi, mama yake, nilimwomba mtoto wa miaka kumi na mmoja ruhusa ya kwenda kumtazama.

Alifikiri. "Promets," akasema. "Utaikala tu. Hautasimama. Hautapiga kelele hata kidogo."

"Na mikono? Mikono naweza piga?"

"Mikono sawa. Mais sawa vile bengine banapiga."

Nikaahidi. Nikabadilishana zamu na mwenzangu kazini, na hata hivyo siku yenyewe nilitoka nimechelewa, nikakimbia kutoka kituo cha basi na koti la kazi mwilini. Nilifika taa za ukumbi zinazimwa. Nilipata kiti mstari wa tatu, pembeni. Sikupata nafasi ya kumpungia mkono.

Nitasema nini? Alikuwa mzuri. Si kwa sababu ni wangu. Alipopuliza filimbi hata sisi tulijiweka sawa kwenye viti. Aliwapa abiria habari mbaya kama mtu mzima anavyozitoa, bila haraka, akimtazama kila mmoja. Katikati ya hotuba alinyamaza. Nilidhani amesahau, lakini maneno nilikuwa nimeyasikia kupitia ukuta wa chumba chake na nilijua hajasahau. Alisimama tu, ameinua uso kuelekea kwetu gizani, kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Vigelegele vilinijaa mdomoni. Niliukamata ukingo wa kiti kwa mikono miwili, nikauma ulimi, nikatulia. Kisha akaendelea. Mwishoni nilipiga makofi kama wengine wanavyopiga, na waliponyamaza nilinyamaza nao. Nilijivunia. Nilijiona mama wa Ulaya aliyehitimu.

Nilimngoja kwenye korido, karibu na meza ya supu. Alitoka na kofia yake ya stesheni mkononi, akaniona na koti langu la kazi, akatabasamu vile mtu anavyomtabasamia aliyepitwa na jambo.

"Ah, Maman, njo unafika? C'est pas grave, haina neno. Imeisha, lakini kulikuwa batu mingi."

"Nilikuwa ndani," nikamwambia. "Mustari ya tatu. Tangu mwanzo."

Alinitazama. "Mu taa zile za jukwaa haunaona mutu mu ukumbi," akasema. "Nilikusikiliza. Nilinyamaza ili nikusikie. Sikusikia kitu, njo nikasema haukukuya."

Nilimwambia nilikuja, nilikuwa natimiza ahadi tu. Akasema anajua. Tulikunywa supu ya malenge tukiwa tumesimama, na aliniuliza kama alicheza vizuri, na nilimwambia ndiyo, sana, kwa sauti ya kawaida, katika korido iliyojaa makoti. Nilisikia jinsi neno hilo lilivyokuwa dogo.

Sasa yuko sekondari. Huko kuna mchezo wa kuigiza kila Desemba, lakini yeye alichagua kuogelea. Jumamosi zangu za mapumziko naenda kumtazama, nakaa juu kwenye ngazi za simenti, joto la bwawa likinichuruzisha jasho ndani ya sweta. Anaporuka na kuzama namwita kwa nguvu zangu zote, kwa Kiswahili, kwa sauti ya Bukavu, mpaka wazazi wengine wananigeukia, na hajawahi kunikataza. Masikio yake yamejaa maji, hanisikii.