Kitanda Kilichogeuka Sala

Mwanangu, kabla hujafunga hilo sanduku la kwenda kusoma Uholanzi, kaa kidogo. Iko siku moja ambayo hainitoki.

Nilikuwa kijana, namtunza bibi mmoja wa Kiholanzi hapa mjini Gaithersburg, Bibi Truus, mgongo unamtesa kweli kweli. Nilikuwa nimejifunza Kiholanzi kidogo kwenye simu, basi hapakukalika, kila mtu lazima ajue! Bintiye, kwa kunifurahisha, akawa ananitumia ujumbe kwa lugha yao.

Asubuhi hiyo kaandika neno moja refu na saa yake: massagebed, saa nne. Waholanzi wakiunga maneno hawaachi nafasi. Mimi nikalisoma Kiswahili, mkazo nikautupa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama tunavyosema sote: massagébed. Nikaona massa, umati. Nikaona gebed, sala. Sala ya umati! Nikajua hali ya bibi imekuwa mbaya. Nikawapigia simu akina mama wa kanisani kule Silver Spring.

Wakaja na vitenge vyao. Mama mmoja wa Bukavu akaanza pambio hata viatu hajavua. Bibi Truus akatutazama, kisha akaanza kuvua pete ya ndoa.

"Mpe binti yangu," akaniambia. "Kumbe nakufa, na wewe umenificha."

Jamani, nililia. Nilimpenda yule bibi.

Mara kengele ya mlango ikalia. Vijana wawili wakaingiza kitanda cha kukandia mgongo.

Bibi akaomba simu yangu, akasoma, akafumba macho. Nikadhani ndiyo basi, kumbe anacheka! Halafu akanigombeza, anagonga meza kwa kidole: "Masságe, kukanda. Bed, kitanda. Kiungo kiko hapa! Mimi naaga dunia kwa sababu wewe umekata neno pasipokatwa?"

Akina mama waliimba hata hivyo, na bibi akalala kifudifudi kwenye kitanda kipya, pete imerudi kidoleni.

Basi, mwanangu, neno lao refu usilisome kama la Kiswahili. Tafuta kwanza pale maneno mawili yalipoungana, ndipo uligawe. Usikie mkazo umekaa wapi, mara nyingi ni kwenye neno la kwanza. Hata kwetu, ukisema barabára ni njia, ukisema barábara ni sawasawa. Na kama huna hakika, uliza kabla hujamtisha mtu.

Nenda salama. Mungu akufungue masikio, na huko ugenini akupe mtu wa kukugombeza huku anacheka.