Nilivyomsomea Kukhu Hadithi za Miaka Elfu Ijayo

Nyinyi mliokulia Kitale wakati simu ilikuwa kitu cha mtu mzima, tena cha kuvaliwa shingoni kwa kamba ili majirani waione, mtanielewa nikisema likizo zilikuwa ndefu. Sisi watoto wa mtaa wa Kibomet tulicheza mchezo wa kati mpaka mpira wa makaratasi ukafumuka. Tuliruka bladda mpaka raba ikakatika, tukaifunga fundo, ikakatika tena. Tulikula mahindi ya kuchoma mpaka midomo ikawa myeusi, na bado ukiangalia juu unakuta jua halijasonga. Vijana wa siku hizi wakikaa dakika tano bila chaji wanasema wamechoka na maisha. Sisi tulichoka na maisha kuanzia wiki ya pili ya Agosti, na hakuna mtu aliyetuuliza.

Mama yangu aliuza mitumba. Siku za soko alipanda pikapu na wenzake kwenda Chwele, siku nyingine alikaa kwenye meza yake pale Kitale mjini. Nilikuwa darasa la sita siku aliyofungua mzigo wa makoti ya watoto, akakuta kitabu katikati ya makoti. Alikipindua, akaona hakina jalada, akakiweka kando ampe jirani yake muuza njugu apate karatasi za kufungia. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya meza nikitafutia soksi wenzao. Nikakidaka kwa mikono miwili.

“Hicho hakina hata kichwa,” Mama akasema.

“Lakini kina tumbo,” nikamjibu.

Akacheka, nikajua kimekuwa changu. Aliongeza tu lile neno lake la kila siku, “Ukiharibu macho kabla ya mtihani, utakuja kuniambia nini?”

Kilikuwa cha Kiingereza. Mpaka leo sijui kiliitwaje wala nani alikiandika, maana jalada lilikuwa limekwenda na kurasa za mwisho pia. Ndani mlikuwa na hadithi fupi fupi, zote za wakati ulio mbali sana mbele, miaka elfu juu ya elfu, wakati ambao hakuna anayekumbuka kwamba kuliwahi kuwa na nchi zenye mipaka. Nilisoma kwa kidole, kamusi ya shule mapajani, nikirudia sentensi moja mara nne. Harufu ya kile kitabu naikumbuka: vumbi, na ile dawa kali inayopuliziwa nguo za mitumba.

Msomaji mwenzangu wa kwanza alikuwa Halima, rafiki yangu wa mlango wa pili. Baba yake alikuwa fundi wa nguo karibu na msikiti mjini. Tulikaa kwenye ngazi za nyuma, mimi nikasoma, yeye akabisha. Hadithi ya kwanza ilikuwa ya watu wanaoishi chini ya barafu, katika dunia nyingine ambayo jua lake ni dogo kama kichwa cha pini. Mimi nilikuwa nimevutiwa na taa zao za samaki wanaong’aa. Halima akaniuliza, “Sasa hawa wakitaka kuswali, wataangalia wapi?”

Kitabu hakikusema. Tulilibeba swali hadi kwa baba yake. Alisimamisha mguu kwenye cherehani, akatoa pini midomoni, akauliza hao watu wako mbali kiasi gani. Tukamwambia mbali kushinda nyota. Alifikiria kwa makini kabisa, kama mtu aliyeulizwa jambo la familia.

“Basi wataangalia huku kwetu,” akasema. “Wakiwa mbali hivyo, dunia yote ndiyo upande wenyewe.”

Akarudi kwenye suruali yake. Nimesikia watu wenye shahada kubwa wakizungumzia vitabu tangu siku hiyo, na sijasikia maneno yaliyonikaa kama hayo.

Hadithi nyingine ilikuwa ya chombo kinachosafiri angani miaka mia nne. Msichana wa hadithi alizaliwa njiani na atafia njiani. Hakuona walikotoka na hataona wanakokwenda. Halima aliona huyo msichana ameonewa. Akaniambia babu mzaa baba yake alitoka mbali akielekea mahali pengine, ila alichokea Kitale, na ndiyo maana wao wako hapa. “Heri yeye alikuwa na mahali pa kuchokea,” akasema.

Agosti ikafika, nikapelekwa Bumula kwa Kukhu, ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita bibi. Kitabu nilikifunga ndani ya gauni. Mahindi yalikuwa yamevunwa, na kazi ya alasiri ilikuwa kukaa juu ya magunia uani na kupukuchua mpaka vidole gumba vinawaka moto. Kukhu aliona macho yangu hayako kwenye mahindi.

“Nisomee hicho kinachokufanya usisikie ukiitwa,” akasema. “Lakini pore pore, usikimbie.”

Kukhu hakuwahi kukaa darasani. Ilinibidi nitoe maneno kwenye Kiingereza niyapeleke kwenye Kibukusu, na Kibukusu changu kilikuwa cha mtoto wa mjini, kwa hiyo kila nilipokwama nilidandia Kiswahili. Roboti nilimwita chuma kinachojua. Sayari nikaiita boma la mbali. Mvua ikianza kupiga mabati tuliingia jikoni, na hapo ilibidi nisome kwa kupiga kelele, moshi ukiniingia puani na jogoo mmoja akitusikiliza kutoka kwenye kuni.

Na yeye alikuwa na maswali yake. Huko mbele mahindi yatakuwepo? Nikamwambia kitabu hakijasema. “Basi huyo aliyeandika hajafika huko,” akasema. Kulikuwa na hadithi ya jiko linalosoma mawazo ya mtu na kumpikia anachotaka kabla hajafungua mdomo. Mwenye nyumba anaishia kulia kwa sababu halimpi kitu kilichoungua. Kitabuni kilikuwa mkate. Mimi nikasema ukoko wa ugali. Kukhu alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akasema huyo mtu ana haki, nyumba isiyo na ukoko ni hospitali.

Sasa lazima niwaambie habari ya Naliaka. Alikuwa mdogo wake Kukhu, tumbo moja, na aliolewa boma la ng’ambo ya kijito, mwendo ambao mtoto angekimbia bila kupumzika. Walikuwa hawajazungumza miaka saba. Babu yetu alipofariki, Naliaka alifika kaburi likiwa limeshafunikwa. Mjukuu aliyekuwa akimlea alikuwa amelazwa na malaria, na hakuwa na mtu wa kumwachia. Kukhu hakutaka kusikia. Naliaka alinyoosha mkono wa pole, Kukhu akarudisha wake nyuma mbele ya waombolezaji wote. Tangu siku hiyo hakuna kati yao aliyevuka kijito. Sisi wajukuu tulikatazwa kula mapera ya ng’ambo. Tuliyala, ila tulifuta midomo.

Hadithi ya mwisho katika kile kitabu ilikuwa ya lugha. Katika wakati huo wa mbali watu wote wana lugha moja fupi, ya kugonga gonga kama mtu anayepiga meza kwa kidole. Lugha ya zamani imebaki na wazee wawili, mwanamume na mwanamke, nao wamegombana. Kila mmoja anaishi kwenye nyota yake. Wasomi wanakwenda na mashine za kunasa sauti, wanawabembeleza waongee, lakini mtu mmoja peke yake hana wa kuzungumza naye. Wanachonasa ni kikohozi.

Kukhu aliacha kupukuchua. “Waligombania nini?”

“Wanasema hata wao hawakumbuki vizuri.”

“Wanakumbuka,” akasema. “Endelea.”

Nikasoma kwamba yule mwanamke aliamka, akaenda akasimama mlangoni kwake. Nikafungua ukurasa. Hakukuwa na ukurasa.

Ningeweza kusema tu karatasi zimeisha. Lakini Kukhu alikuwa ameshika gunzi mkononi kama ameshikilia mkono wa mtu, na hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia upande wa kijito. Nikainamisha uso kwenye ile karatasi ya mwisho, nikaendelea. Nikasema yule mwanamke alivuka mpaka nyota ya pili bila zawadi na bila mtu wa kumsindikiza. Alimkuta mzee anaziba sufuria. Hakuomba msamaha, akakaa. Mzee hakumkaribisha wala hakumfukuza. Walikaa hivyo mpaka mzee akalalamika kwa ile lugha ya zamani kwamba kuna joto, na mwanamke akamjibu kwamba ni kweli kuna joto.

“Kisha?”

“Kisha wasomi wakaja mbio na mashine zao, wakakuta wazee wanazungumzia joto. Wakanasa hivyo hivyo.”

Hakucheka. Alikusanya magunzi, akaingia ndani.

Siku tatu hakuniambia nisome. Mimi nilikuwa na hofu ya mtoto aliyedanganya mtu mzima, na hakuna hofu kama hiyo. Siku ya nne, baada ya chai ya saa nne, akajifunga leso safi, akaniambia nimfuate. Tulishuka hadi kijitoni, tukakanyaga yale mawe. Njia nzima nilikuwa nahesabu lawama zangu. Akifukuzwa huko, nilijua ugomvi wa miaka saba utafika mpaka kaburini, na aliyempeleka ni mimi.

Naliaka alikuwa uani kwake, uteo mapajani, anachagua maharagwe.

“Mulembe,” Kukhu akasema. Ndiyo salamu yetu ya amani.

Naliaka hakujibu. Hakuinua hata macho. Kukhu alisimama pale na mimi nikasimama nyuma yake, nikitamani tugeuke. Kisha akajishusha chini pole pole, magoti yakilia, akanyoosha miguu bila kupewa kiti, akavuta nusu ya maharagwe upande wake. Wakachagua. Kuku walikuja wakaondoka. Sijui tulikaa muda gani, ila miguu yangu ilikufa ganzi.

“Hayo unayotupa ni mazuri,” Naliaka akasema mwishowe, bado hajainua uso.

“Yana mdudu.”

“Yana alama tu. Macho yako yameharibika.”

“Yako ndiyo yameharibika.”

Wakabishana juu ya macho, wakatoka kwa macho wakaenda kwa magoti, kisha kwa ng’ombe fulani mwenye pembe moja wa baba yao ambaye kila mmoja alisema yeye ndiye aliyekuwa akimkamua. Nikakaa chini. Halafu Kukhu akauliza, “Yule mtoto, alipona?”

Naliaka akaweka uteo chini. “Alipona. Yuko darasa la nane.”

“Sikukuuliza siku ile.”

“Hukuuliza.”

Kukhu aliangalia mikono yake. “Sasa nimeuliza.”

Naliaka akaingia ndani, na mimi nikadhani mambo yameharibika. Alitoka na kigoda, akamwekea dada yake. Uso wake ulikuwa umelowa, na hakuufuta.

Tulirudi jua likielekea magharibi, na nilikuwa nimeshiba mapera waziwazi. Walikuwa wamezungumza Kibukusu ambacho nusu yake sikukielewa. Nikamuuliza Kukhu maana ya neno moja. Akaniambia ni neno la kusuka vikapu, la namna ya kufunga ukingo, mama yao aliwafundisha. Hakuwa amelitamka miaka saba, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kulisikia.

Baada ya hapo hungeweza kuwatenganisha. Walikwenda Chwele pamoja, walikwenda kanisani pamoja, waligombana kila wiki na kupatana kabla ya chakula. Naliaka alipofariki nilikuwa kidato cha tatu. Kukhu alikuwepo tangu asubuhi, alimvisha mwenyewe, na alisimama kando ya kaburi kabla ya mtu mwingine yeyote. Kesho yake, tukiosha sufuria za matanga, sikuweza kuvumilia tena. Nikamwambia ukweli, kwamba ule mwisho haukuwa kitabuni, niliutunga mimi.

Aliendelea kusugua.

“Nilijua,” akasema. “Ukisoma ulikuwa unakwama kwama kama pikipiki yenye maji kwenye petroli. Hapo mwisho hukukwama hata mara moja.”

Kukhu naye hayupo tena. Halima ni muuguzi Eldoret, na tukipigiana simu hatumalizi salamu kabla hajaitwa wodini. Kitabu nilimwazima yeye, wakahama nyumba, kikapotelea kwenye masanduku yao. Hatujawahi kulaumiana.

Leo nafundisha hapa Kitale, na wanangu wana kila kitu. Hadithi za miaka elfu ijayo wanazo kwenye simu, zenye picha zinazokimbia na milipuko ya kutetemesha kioo. Niliwahi kuwasimulia ile ya watu wa chini ya barafu. Kifungua mimba akasikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama hao watu wana intaneti. Nikasema sijui. Akasema, “Ati sijui? Si ugoogle, Mama.” Kibukusu wanajua mulembe na majina ya mboga. Kosa ni langu, wala siwalaumu, maana mimi ndiye niliyewaambia waongee Kiingereza ili wasichekwe shuleni.

Ila nikiwatazama najiuliza ni nani anayewabishia. Sisi tulikuwa na kitabu kimoja kibovu, na hakuna sentensi iliyopita bila mtu kuisimamisha aulize mahindi yako wapi. Jioni nikimaliza kusahihisha madaftari, nakaa nao sebuleni. Tunakuwa watano, kila mmoja na hadithi yake masikioni, na sauti inayosikika ni ya friji.